Si uzee tu: kinga ya mwili, wanawake na Alzheimer

Mwaka 2013 serikali ya Wales iliamua kuwachanja wazee dhidi ya mkanda wa jeshi, lakini si wazee wote. Ulichorwa mstari kwa tarehe ya kuzaliwa. Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1933 au baada ya hapo alistahili chanjo. Aliyezaliwa tarehe 1 Septemba, siku moja tu nyuma, alikosa, na akawa amekosa moja kwa moja.

Waliouchora mstari huo walikuwa wakipanga mgawo wa dozi, wala hawakukusudia kufanya utafiti. Lakini waliwapa watafiti zawadi ambayo haipatikani maabara. Mtu wa mwisho wa Agosti na mtu wa mwanzo wa Septemba ni hirimu moja: wamesoma shule zilezile, wamekula mlo uleule, wamepitia vita ileile. Kinachowatenga ni sindano. Pascal Geldsetzer wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walipitia kumbukumbu za afya za wazee zaidi ya 280,000, na Aprili 2025 wakachapisha matokeo katika jarida la Nature. Katika kipindi cha miaka saba, chanjo ile ilipunguza kwa takriban moja ya tano uwezekano wa kupata demensia, yaani ule mporomoko wa akili ambao Alzheimer ndiyo sababu yake kubwa. Na faida hiyo ilionekana zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume.

Taarifa hiyo nimeisoma mara nyingi, na sababu ni mama yangu mkubwa.

Mama mkubwa aliuza mchele sokoni Kahama kwa zaidi ya miaka 30. Alijaza kisado, akakata juu kwa kiganja, na chenji akaitoa huku anamsikiliza mteja wa pili. Alipopita miaka 60 alipata mkanda wa jeshi: malengelenge yaliyomzunguka ubavu mmoja, na maumivu kama amemwagiwa maji ya moto. Aliuficha kwa khanga. Watu wa umri wangu wanajua kwa nini. Miaka ya tisini mkanda wa jeshi ulikuwa tangazo. Ukionekana nao, mtaa mzima umeshaamua kwamba una UKIMWI, na ni kweli kwamba virusi vya UKIMWI huufungulia mkanda mlango hata kwa vijana. Lakini kwa mtu mzima wa umri ule ni jambo la kawaida. Virusi vya tetekuwanga ya utotoni huwa vimejilaza kwenye mizizi ya neva miaka yote, vinangoja kinga ilegee.

Miaka michache baadaye alianza kutoa chenji mara mbili. Wateja waungwana walirudisha, wengine walinyamaza. Kisha ikaja siku aliyopotea njia ya kutoka sokoni kwenda nyumbani, njia aliyoipita kila siku tangu ujana wake. Tulimpeleka hospitali. Tukaambiwa ni uzee tu, tumwache apumzike.

Sisemi kwamba mkanda ndio uliomsahaulisha. Hakuna awezaye kusema hivyo kuhusu mtu mmoja. Ninalolikataa ni lile neno "uzee tu", kwa sababu sayansi ya miaka hii ya karibuni inaonyesha ugonjwa huu una kazi nyingi ndani yake, na kubwa miongoni mwa hizo inafanywa na kinga ya mwili.

Ndani ya ubongo mna seli ziitwazo maikroglia. Mhispania Pío del Río-Hortega ndiye aliyezitenga na kuzieleza, mwaka 1919. Hizi si neva, hazifikiri wala hazikumbuki. Kazi yake ni ulinzi. Huingia kwenye ubongo mimba ikiwa bado changa kabisa, na hubaki humo maisha yote ya mtu, zikinyoosha vikono vyake na kupapasa jirani zake usiku na mchana. Zikikuta takataka, zinameza. Zikikuta kijidudu, zinapiga mbiu. Na ubongo wa mtoto unapojijenga, zinaondoa maungio ya neva yasiyo na kazi, kama mkulima anavyopogoa mibuni ili izae.

Mtu wa kwetu ataelewa haraka nikisema kwamba hao ni sungusungu. Tunawakumbuka sungusungu wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, walivyoinuka vijijini Usukumani na Unyamwezini kupambana na wezi wa ng'ombe, na wizi ukapungua. Tunakumbuka pia kilichotokea pale ulinzi ulipokosa mipaka: watu wakahukumiwa bila ushahidi, na vikongwe wakasumbuliwa kwa tuhuma za uchawi. Walikuwa watu walewale waliolinda zizi, na nguvu ilikuwa ileile.

Kwenye ubongo wa Alzheimer mambo huenda karibu na hivyo. Protini iitwayo amiloidi hujikusanya nje ya neva na kufanya mabonge, na nyingine iitwayo tau husokotana ndani yake. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mabonge hayo ndiyo ugonjwa wenyewe. Lakini wapo watu wanaozeeka na kufa wakiwa na amiloidi tele kichwani na akili timamu. Tofauti moja kubwa iko kwa walinzi. Mwanzoni maikroglia huyazingira mabonge, huyabana yasisambae, huyala polepole. Zikielemewa, hubadilika. Huanza kumwaga kemikali zinazochoma neva zilizo karibu. Tena kuna protini za kinga ziitwazo komplementi, ambazo kazi yake ni kupaka alama kitu kinachopaswa kuliwa. Zikizidi, hupaka alama hata maungio mazima, yale yanayobeba jina la mjukuu na bei ya mchele. Mlinzi hali kwa kuchagua. Anakula kilichopakwa alama.

Ushahidi mzito ulikuja mwaka 2013, timu mbili tofauti zilipotangaza kwa pamoja kwamba badiliko dogo kwenye jeni iitwayo TREM2 huongeza hatari ya Alzheimer karibu mara tatu au zaidi. TREM2 si jeni ya neva. Ni kama jicho la maikroglia, ndiyo inayoziwezesha kulitambua bonge na kulizingira. Mlinzi akizaliwa na jicho bovu, mwenye nyumba anaugua. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtaalamu makini kusema kinga ni mpita njia tu katika ugonjwa huu.

Na jambo linalonisikitisha ni kwamba mkono huu wa kinga ulionekana mapema. Mgonjwa wa kwanza wa Alzheimer katika vitabu ni mwanamke, Auguste Deter, aliyeingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Alipofariki mwaka 1906, Daktari Alois Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa darubini na Novemba mwaka huohuo akaeleza alichokiona mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen. Katika andiko lake la 1907 alitaja mabonge na nyuzi zilizosokotana, na hayo kila mwanafunzi wa udaktari anayajua. Alitaja pia kwamba seli nyingi za glia, ukoo ule wa maikroglia, zilikuwa na vifuko vikubwa vya mafuta. Sentensi hiyo ilipitwa. Mwaka 2024 watafiti wa Stanford walionyesha maikroglia zilizojaa matone ya mafuta kwenye bongo za wagonjwa wenye jeni ya APOE4, na kwamba kinachotoka kwenye seli hizo kinadhuru neva. Imechukua zaidi ya miaka 110 kuirudia sentensi moja iliyoandikwa juu ya ubongo wa mwanamke mmoja.

Tuje sasa kwa wanawake wenyewe. Nchini Marekani, karibu wawili kati ya kila wagonjwa watatu wa Alzheimer ni wanawake. Jibu la haraka ni kwamba wanawake huishi miaka mingi zaidi na ugonjwa huu hufuata umri. Ni kweli, na linaeleza sehemu kubwa. Halimalizi hoja. APOE4, jeni iliyohusishwa na Alzheimer tangu 1993, huwaelemea wanawake kuliko wanaume kati ya umri wa miaka 65 na 75. Hapo umri ni mmoja na jeni ni moja, lakini mzigo haulingani.

Kinga ya mwanamke si nakala ya kinga ya mwanamume. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu chanjo ya mafua ulikuta kwamba mwanamke aliyepewa nusu dozi alitengeneza kingamwili kwa kiwango kinachokaribiana na cha mwanamume aliyepewa dozi nzima. Sehemu ya maelezo iko kwenye kromosomu X, iliyobeba jeni nyingi za kinga. Mwanamke anazo mbili. Kwa kawaida kila seli huizima moja, kama Mary Lyon alivyoeleza mwaka 1961, lakini baadhi ya jeni hukwepa kuzimwa. Mojawapo ni TLR7, inayonusa virusi. Kwa hiyo zipo seli za kinga za mwanamke zenye pua mbili pale ambapo za mwanamume zina moja. Ujanani hiyo ni neema. Gharama yake nayo inajulikana: magonjwa ambayo kinga huugeukia mwili wake wenyewe, kama lupus na baadhi ya magonjwa ya viungo na ya tezi ya thairoidi, wagonjwa wake takriban wanne kati ya watano ni wanawake. Anayelindwa sana ujanani huenda ndiye anayelipa uzeeni, na ubongo ni mahali pamojawapo pa malipo hayo.

Desemba 2022, Stuart Lipton wa taasisi ya Scripps huko California na wenzake walichapisha uchunguzi wa bongo 40 za marehemu. Walikuta komplementi, ile protini ya kupaka alama, ikiwa imebadilishwa kikemia kwa namna inayowachochea walinzi kula maungio ya neva, na ilikuwa nyingi zaidi kwenye bongo za wanawake wenye Alzheimer kuliko za wanaume wenye ugonjwa huohuo. Walipofuatilia chanzo, wakafika kwenye estrojeni. Homoni hiyo huzuia badiliko lile. Hedhi inapokoma na estrojeni ikashuka, breki inalegea.

Mtu atasema, basi kina mama wapewe homoni. Lilijaribiwa. Mwaka 2003 utafiti mkubwa wa Marekani, uliohusisha wanawake zaidi ya 4,500 wa miaka 65 na kuendelea, ulikuta kwamba waliomeza estrojeni pamoja na projestini walipata demensia mara mbili ya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwili si ndoo iliyopungua maji ukaijaza. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu vidonge vya homoni na virutubisho vya kila aina vinatangazwa siku hizi kwenye simu zetu, na mama zetu wananunua.

Wanaume wana la kwao. Kadiri mwanamume anavyozeeka, baadhi ya seli zake za damu, zikiwemo za kinga, hupoteza kromosomu Y, na sigara huzidisha upotevu huo. Watafiti wa Uppsala, Sweden, waliripoti mwaka 2016 kwamba wanaume wenye Alzheimer walikuwa na upotevu huo kwa wingi zaidi. Mzee wa kiume na mzee wa kike wanaweza kufika kwenye usahaulifu uleule kwa njia mbili tofauti. Tiba inayodhani njia ni moja itamkosa mmoja wao.

Na ndivyo inavyoelekea. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu dawa iitwayo lecanemab. Ni kingamwili iliyotengenezwa kiwandani, inayoishika amiloidi na kuwaita walinzi waje kuiondoa. Yaani ni dawa inayofanya kazi kwa mkono wa kinga ya mgonjwa mwenyewe. Jaribio lake lilihusisha watu 1,795 kwa miezi 18. Kwa jumla, kasi ya kuporomoka kwa akili ilipungua kwa asilimia 27. Ukiwatenga kwa jinsia unakuta asilimia 43 kwa wanaume na asilimia 12 kwa wanawake. Baadhi ya wagonjwa walipata uvimbe au damu kuvuja kwenye ubongo. Bei ilipotangazwa ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka.

Wataalamu wanatuonya kwamba jaribio lile halikupangwa kulinganisha jinsia, kwa hiyo tusizichukue namba hizo kama hukumu. Nakubali. Lakini kwa nini halikupangwa? Wagonjwa wengi ni wanawake. Dawa inategemea kinga. Kinga tumeshajua haifanani. Halafu swali la mwanamke linasubiri hadi mwisho, kwenye jedwali la nyongeza! Hii ni tabia ya zamani. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza wanawake wenye uwezo wa kuzaa wawekwe kando katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, na ilifika 1993 ndipo sheria ya nchi hiyo ikalazimisha wanawake wahusishwe katika utafiti wa tiba unaolipiwa na serikali. Kuhusishwa ni hatua. Kuhesabiwa peke yao, kwa matokeo yao wenyewe, ni hatua nyingine, na hiyo bado inasuasua.

Na sisi? Tusidhani haya ni ya Ulaya na Marekani. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wanaishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini wakawapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha zaidi ya wazee sita katika kila 100 wana demensia. Hai si mahali pa ajabu. Ni migomba, ni kahawa, ni bibi aliyebaki na wajukuu.

Tena miili yetu ina la kuufundisha ulimwengu kuhusu kinga. Watafiti waliowafuatilia wazee wa Ibadan, Nigeria, kuanzia mwaka 1992, na kuwalinganisha na Wamarekani weusi wa Indianapolis, waliripoti mwaka 2001 kwamba wapya waliopata Alzheimer kila mwaka Ibadan hawakufika nusu ya wale wa Indianapolis. APOE4, inayotisha Ulaya, haikuonekana kuwa na nguvu ileile kwa wazee wa Kiyoruba. Kwa Watsimane wa misitu ya Bolivia, wanaoishi na minyoo tangu utoto, wenye APOE4 na minyoo mingi walionekana kuwa na akili nzuri zaidi kuliko wenye minyoo hiyo bila jeni hiyo. Kinga iliyolelewa na malaria na minyoo huenda inazeeka tofauti na kinga iliyolelewa kwenye nyumba ya vioo. Swali hilo haliwezi kujibiwa Boston. Linaweza kujibiwa Moshi, Kilifi, Mwanza, Kisumu, na mama zetu wawe nusu ya watakaopimwa, tena nusu inayosomwa kivyake.

Chanjo ya mkanda wa jeshi haimo katika ratiba ya chanjo za taifa, si Tanzania wala Kenya. Sidai iingizwe kesho. Zipo chanjo za watoto ambazo bado hazijawafikia wote. Ninachodai ni kwamba wizara na vyuo vyetu vya tiba viiweke mezani. Karibu kila mmoja wetu ana kovu la BCG mkononi. Chanjo hiyo ya kifua kikuu hutumika pia kutibu saratani ya kibofu, na kwa wagonjwa waliotibiwa hivyo baadhi ya tafiti zimeona demensia ikipungua. Sisi ndio wenye mamilioni ya watu waliochanjwa tangu uchanga. Wa kuuliza maswali haya tunao, wa kuwalipa hawajapatikana.

Nimewataja vikongwe. Mzee anayetangatanga usiku, anayezungumza na marehemu, anayemshutumu mkwe kwamba kamwibia, asiyemtambua mjukuu: hizo ni dalili ambazo daktari anazifahamu. Kijijini zinasomwa kama uchawi, na aghalabu anayesomwa hivyo ni mwanamke, mjane, anayekaa peke yake. Oktoba 2021, eneo la Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Usukumani orodha ni ndefu, na Kilifi pia. Kila mara tunapomrudisha mama nyumbani na maneno "ni uzee tu" bila kumpima na bila kuwaeleza majirani anaumwa nini, tunamwacha bila ushahidi wa kumtetea siku watu watakapomjia na mapanga.

Na anayebaki kumuuguza ni nani? Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wagonjwa wa demensia hutolewa na wanawake. Kwetu ni binamu yangu, aliyeacha genge lake ili amlaze, amwamshe, amwogeshe, amfungie mlango usiku. Hakuna aliyemlipa, na hakuna aliyemuuliza kama analala.

Kwa hiyo, msomaji, nina ombi moja. Ukimpeleka mama, shangazi au bibi kliniki kwa sababu ya kusahau, ukaambiwa ni uzee tu, usinyanyuke kwenye kiti. Omba apimwe presha, sukari, masikio na macho. Omba waangalie thairoidi, upungufu wa vitamini B12, kaswende na virusi vya UKIMWI, kwa kuwa hayo nayo husahaulisha na yana tiba. Waulize dawa anazomeza zisije zikawa ndizo zinazomlewesha. Eleza hedhi yake ilikoma lini, na kama amewahi kuugua mkanda wa jeshi. Kisha omba waandike kwenye kadi yake neno demensia, kama ndiyo, kwa maandishi yanayosomeka. Kadi hiyo mwonyeshe mwenyekiti wa mtaa. Mama mkubwa alipata kadi yake mwaka wa nne wa kuugua, na majirani walipoisoma ndipo walipoanza kumrudisha nyumbani kwa kumshika mkono.